Bimdogo Atoa Hewa Sufuriani

Mwaka juzi, katikati ya masika, kulikuwa na harusi ya mtoto wa jirani, na Bimdogo alipeleka sinia mbili za visheti, vitafunio vitamu vya unga wa kukaanga. Alikuwa amevipika siku nne kabla. Vilitoka vyekundu, vikapigwa shira ya hiliki, vikakauka vizuri juu ya kitambaa. Akavitia katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na kuamini kazi imekwisha.

Siku yenyewe, wanawake wamekaa ukumbini, sinia zikaanza kupita. Bimdogo aliketi karibu na bibi mmoja mwenye meno yake yote. Alimwona akitia kisheti mdomoni na kutafuna, na hakusikia mlio wa kuvunjika. Kisheti kilitafunwa kimya kimya kama mkate wa boflo. Yule bibi, kwa adabu yake, alimeza, akapangusa vidole, akasema, "Vitamu, mashallah." Hakuchukua cha pili.

Mwingine angeilaumu mvua, akapika vingine. Bimdogo alirudi nyumbani na swali.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari ya wasichana hapa kisiwani. Yeye ndiye aliyepima chumvi na kupanga meza kabla mwalimu hajaingia, na ndiye aliyefagia vioo vilivyovunjika mwalimu alipotoka. Katika picha za shule za kila mwaka yuko pembeni kabisa, au hayumo. Wanafunzi walimwita Mama Maabara. Alipostaafu alirudi Kibokoni, Mji wa Kale, katika orofa ya juu ya nyumba ya marehemu baba yao, kukaa na dadake mkubwa, Zakiya, mwanamke wa miaka sitini na sita ambaye hajaolewa na hana haraka. Mumewe Bimdogo alikwisha kufariki, na mwanawe wa pekee, Huzaifa, ni baharia wa meli za mizigo. Kwa hivyo nafasi ya kufikiri alikuwa nayo.

"Hewa yetu ina maji," alimwambia Zakiya walipokuwa wakipanda ngazi baada ya harusi. "Chakula kinayanywa yale maji."

"Basi usipike masika."

"Na kama hewa haimo chomboni? Chakula kitakunywa nini?"

Zakiya alisimama kwenye kidato kupumzisha goti. "Bimdogo, hewa imo kila mahali. Utaifukuza vipi, kwa fagio?"

Lakini Bimdogo alikuwa amekwisha kuiona ikifukuzwa. Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha pili walipofika kwenye somo la hewa, yeye ndiye aliyetoa kabatini kile kikombe kikubwa cha kioo chenye umbo la kengele. Ndani yake hutiwa baluni ndogo iliyopulizwa kidogo na kufungwa. Mwalimu akianza kunyonya hewa kwa pampu, baluni inavimba yenyewe, bila ya mtu kuigusa, na darasa zima linasema "aa". Alikuwa amelitayarisha somo lile mara ishirini na saba. Kulifanya kwa mkono wake, hata mara moja hakuwahi.

Asubuhi yake alichukua sufuria yake ya presha, ile nzito ya kupikia maharagwe, akashuka nayo Makadara kwa Kaizar.

Kaizar ni fundi wa sufuria za presha na majiko, kijana wa zamani mwenye kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Duka lake ni dogo hivi kwamba mteja husimama nje. Kila anayekuja, Kaizar humuuliza swali moja lile lile.

"Salaam aleikum, Kaizarbhai."

"Aleikum salaam, Mama Huzaifa. Imeziba au inavuja?"

"Haikuziba wala haivuji. Nataka tuifundishe kufanya kinyume. Hii huzuia mvuke usitoke. Mimi nataka hewa isiingie."

Kaizar aliigeuza sufuria mkononi, akakiangalia kifuniko, akamwangalia na mwenyewe. "Kuna nini ndani?"

"Visheti."

"Visheti," alisema Kaizar, kama daktari aliyetajiwa ugonjwa mkubwa. Kisha akavuta kigoda chake, akampitishia Bimdogo akikalie huko nje, naye akabaki amesimama.

Pampu ndiyo iliyokuwa rahisi. Ndani ya pampu ya baisikeli mna kikombe kidogo cha ngozi kilichoelekea chini, na ndicho kinachosukuma hewa iende gurudumuni. Kaizar aliifungua, akakigeuza kikombe kikaelekea juu, akakipaka mafuta, akaifunga tena. Sasa ukivuta mpini, pampu ilinyonya. Bimdogo alitia kidole kwenye tundu, akavuta, kidole kikashikwa. Alicheka peke yake barabarani, mpaka dereva wa tuktuk aliyekuwa akipita akageuka kutazama.

Kifuniko walikitoboa tundu dogo, na juu ya tundu wakabandika ulimi wa mpira, umeshikwa upande mmoja tu. Pampu ikinyonya, ulimi unainuka na hewa inatoka. Pampu ikiacha, hewa ya nje inaulaza ulimi, na tundu linazibika.

Vyombo ndivyo vilivyowatesa. Walianza na ndoo ile ile ya plastiki. Kwa mivuto sita mbavu zake ziliingia ndani, ikawa kama shavu la mtu asiye na meno. Wakajaribu mkebe wa biskuti, ukapiga kelele, ukajikunja, na muuza vitabu wa duka la pili akaja kuuliza kama kuna aliyeumia. Wakajaribu chupa kubwa ya achari. Bimdogo aliifunga kwa taulo kwanza, akavaa miwani ya maabara aliyopewa siku ya kustaafu, akamvalisha Kaizar kofia ya pikipiki. Chupa ilistahimili, na baluni iliyokuwa ndani ikavimba mpaka ikagusa kioo. Lakini walipoiangalia tena baada ya sala ya adhuhuri, baluni ilikuwa imenywea. Hewa ilikuwa imerudi.

"Inapita kwenye mpira wa kifuniko," alisema Kaizar. "Mpira wangu ni mzuri. Sijui kwa nini unapitisha."

Bimdogo alikiweka kifuniko cha sufuria ya presha juu ya paja lake, akakitazama kwa muda mrefu. Kifuniko kile huingizwa ndani ya mdomo wa sufuria na kukaa chini ya ukingo, ili mvuke unapopanda ukisukume na kukikaza. Na wao walikuwa wamekata kifuniko cha chupa kwa mfano ule ule.

"Kaizarbhai, sisi adui yetu yuko nje," alisema. "Mvuke husukuma kutoka ndani, kwa hivyo kifuniko chako hukaa ndani. Hewa itasukuma kutoka nje. Basi kifuniko na kikae juu, kama kofia, hewa yenyewe ikikalie."

Kaizar alivua kofia ya pikipiki, aliyokuwa ameirudisha kichwani baada ya sala, akaiweka juu ya meza taratibu. "Miaka arubaini nafanya kazi hii," alisema.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda. Walichagua sufuria za alumini nzito, za mviringo, zile zinazopikiwa pilau ya nyumbani, kwa sababu kitu cha mviringo hubanwa pande zote sawa na hakinywei. Mdomo wa kila sufuria waliusugua juu ya karatasi ya msasa iliyotandazwa kwenye kipande cha marumaru, mpaka ukalala sawasawa bila ya kuacha mwanga kupita. Kifuniko kilikuwa kinene, kimebenuka kidogo katikati, na chini yake wakakizungushia mpira mweupe wa sufuria ya presha. Kwa kuwa alumini haionyeshi kilichomo ndani, Bimdogo alitaka alama ya nje. Wakatoboa tundu la pili na kuliziba kwa kipande cha mpira laini. Hewa ikitoka, kile kipande huzama, ikirudi, huchomoza. Zakiya alipokiona tu alikiita kitovu, na jina likakaa.

Sasa Bimdogo alianza kazi aliyoijua hasa. Alipika visheti vingi, akavigawa katika sufuria tano zilizotolewa hewa na ndoo moja ya kawaida ya kulinganishia. Kila chombo alikibandika karatasi yenye tarehe. Mwonjaji alikuwa Zakiya, amefumba macho, ili asijue kimetoka wapi.

Siku ya tatu Zakiya alitafuna cha ndooni. "Kimekufa." Akatafuna cha sufuriani. "Na hiki pia."

Bimdogo hakukubali. Aliifungua sufuria nyingine na kupitisha kidole chini ya kifuniko. Kulikuwa na matone. Alikumbuka kuwa alivitia visheti vikiwa na vuguvugu, kwa haraka ya kuanza, na joto lake limetoa jasho humo humo. Alivimwaga vyote, akapika vingine, akaviacha vipoe mpaka akavigusa kwa shavu, ndipo akavifunga. Siku ya kumi, mvua ikiendelea kunyesha na nguo zikikataa kukauka kambani, Zakiya alifumba macho na kuuma. Mlio wake aliusikia hadi mke wa jirani aliyekuwa akipanda ngazi, akauliza kutoka huko huko chini ni nini kimevunjika.

Habari zilienea kama zinavyoenea Mji wa Kale, yaani zilifika hadi kivukoni Feri kabla Bimdogo hajamaliza kuosha sufuria. Watu walikuja na vitu vyao vijaribiwe. Bizari na kahawa ya kusagwa vilikaa vyema. Mkate wa sinia wa Zakiya mwenyewe ulivimba kwa majivuno wakati hewa inatoka, na iliporudishwa ukaanguka ukawa kama kandambili. Zakiya alikasirika siku nzima.

Ndipo akaja Fuad. Fuad ni mpishi wa shughuli, mwenye masufuria ya kulisha watu elfu, mtu wa maneno matamu na kanzu iliyopigwa pasi. Alipanda mpaka orofani, akakataa kiti, kisha akakubali, akanywa kahawa.

"Bimdogo, mimi nataka vyombo ishirini, vikubwa. Samaki wa kupaka nimpike alfajiri, nimfunge, nimpeleke popote bila barafu. Akae siku mbili, awe kama ametoka jikoni. Barafu inanitesa."

Ishirini. Kaizar alipoambiwa alisahau kumuuliza mteja aliyefuata kama imeziba au inavuja. Bimdogo naye alifurahi, lakini alitaka kujaribu kwanza. Alinunua samaki changu, akamchoma na kumpaka nazi na ukwaju kama ipasavyo, akatia nusu katika bakuli lililofunikwa kwa sahani na nusu katika sufuria, akanyonya hewa, akaviacha mezani. Kesho yake jioni, bakuli lilinuka mpaka Zakiya akalitoa nje mwenyewe. Asubuhi iliyofuata Bimdogo aliifungua sufuria. Ilipumua, na harufu iliyotoka ilikuwa ya nazi na moshi. Aliinama karibu zaidi. Kulikuwa na kitu kidogo nyuma yake, lakini hafifu, cha kudhania tu.

"Tukile adhuhuri," alisema Zakiya. "Mbona kizima."

Bimdogo alikuwa ameshika kijiko. Kilichomzuia hakikuwa elimu. Yalikuwa mazoea ya miaka ya kutotia mdomoni kitu cha maabara. Alikata kipande, akakitia katika kichupa safi, akampelekea Sarrah.

Sarrah ni binti wa Kaizar. Kazi yake ni kupima vyakula, na zamani alikuwa mmoja wa wale wasichana waliosema "aa". Siku chache baadaye alikuja mwenyewe Kibokoni, hakupiga simu.

"Mama Maabara, mlikila?"

"Hatukukila."

Sarrah alikaa. "Alhamdulillahi. Kimejaa vijidudu. Vile vinavyonukisha samaki haraka, vingi vyataka hewa, na wewe umevinyima. Lakini viko vingine visivyotaka hewa. Vinapenda mahali palipofungwa, penye unyevunyevu na joto. Vyaweza kutoa sumu isiyonuka wala kuonekana. Bakuli lilikwambia limeoza. Hii sufuria ingekunyamazia."

Bimdogo aliitazama meza, mahali ambapo dadake alikuwa amekwisha kupanga sahani mbili siku ile.

"Kwenye friji je?"

"Kwenye friji ni habari nyingine, na hata huko kwa muda wake tu. Mezani, hapana. Kitu kikavu, sawa. Kitu chenye mchuzi, usithubutu."

Fuad alipokuja kujua vyombo vitakuwa tayari lini, Bimdogo alimweleza yote, pole pole, kama alivyoelezwa. Fuad alisikiliza na kutabasamu.

"Haya, nimekuelewa. Wewe niuzie vyombo vitupu. Nitakachotia ni changu."

"Nishajua utatia nini."

"Watu wamekula chakula changu miaka kumi na tano, hakuna aliyeumwa."

"Wamekula cha barafu, Fuad. Na kikiharibika walikuwa wanakinusa. Nikikupa hiki, nitakuwa nimewafunga pua wageni wako. Siwezi."

Fuad aliondoka bila kumaliza kahawa.

Aliyeumia zaidi ni Kaizar. Alikuwa ameshazungumza na muuza sufuria, na alikuwa amemwambia kila mtu wa Makadara. "Ungeandika karatasi tu, ukabandika: si ya samaki," alisema. "Mtu mzima anasoma."

"Wewe husoma karatasi za dawa?"

Kaizar akaendelea kusugua jiko la mtu. Kwa wiki nzima Bimdogo alipita mbele ya duka wakaamkiana kwa heshima zote, sabalkheri na masalkheri, na hakuna aliyetaja sufuria. Nyumbani aliilaza pampu juu ya kabati. Zakiya alishangaa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, na haikumpendeza.

Ijumaa moja Bimdogo alialikwa chakula cha mchana kwa watu, na mpishi alikuwa Fuad. Biriani ililetwa. Juu yake vilitapakaa vitunguu vya kukaanga, ambavyo kwa haki yake vinatakiwa viwe vyekundu na vivunjike vikiguswa. Hivi vilikuwa vimelala kama nyuzi za sufu zilizoloa. Bimdogo alikinyanyua kimoja kwa vidole, kikaning'inia. Alinawa mikono, akaenda jikoni nyuma ya nyumba, akamkuta Fuad amekaa juu ya gunia.

"Vitunguu umevikaanga lini?"

Fuad alidhani amekuja kumsuta. "Jumanne. Magunia mawili, hakuna anayeweza kukaanga siku ile ile. Nimechoka navyo, Bimdogo. Masika yote ni hivi."

"Vikikaangwa vikakauka sawasawa, havina maji. Vikipoa kabisa, nitavifunga. Hivyo nitakufanyia."

Fuad alimwangalia, kisha akacheka, akapangusa jasho kwa mkono wa kanzu ambayo siku hiyo haikuwa na pasi. "Na samaki?"

"Samaki endelea na barafu yako."

Kutoka pale hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja Makadara. Kaizar alikuwa akifunga mlango kwa ajili ya chai.

"Kaizarbhai, vitunguu."

Kaizar alisimama na ufunguo mkononi, akafikiri, akaufungua tena mlango.

Vyombo sita vya kwanza vilikwenda kwa Fuad. Kila kifuniko Bimdogo alikiandika kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wake wa maabara: VIKAVU TU. Maandishi hayakumtosha, kwa hivyo hakuna anayepewa chombo mpaka akae orofani, aonyeshwe kupoza chakula na kuitumia pampu, na aulizwe atatia nini. Mama mmoja wa Kizingo alikuja na gari, akasema anataka cha kumpelekea mwanawe kuku wa mchuzi. Aliondoka na cha vileja vikavu. Sarrah huja kila baada ya miezi mitatu, huchukua sampuli na kumletea majibu, na Bimdogo huyasoma yote hadi chini kabisa.

Mteja wa hivi karibuni ni Baya, anayeuza krispi za muhogo pale Feri, ambako upepo wa bahari huzilainisha kabla ya saa nne asubuhi. Alifundishwa, akachukua chombo, na Jumatatu akarudi Makadara kuuliza kama wanaweza kumtengenezea kikubwa mara tatu ya kile.

"Haiwezekani," alisema Kaizar. "Kifuniko cha ukubwa huo kitapinda. Mwambie, Mama Huzaifa."

Bimdogo hakumwambia. Alikuwa amekwisha kuchukua futi kamba ya Kaizar na kuinama kwenye sufuria kubwa ya shughuli iliyoletwa kuzibwa, anaupima mdomo wake.